Ujuzi wa Fundi Bati: Uchambuzi Kutoka Chiwanda, Ufukweni mwa Ziwa Nyasa

Kijana wa Chiwanda anapoazimia kuifanya kazi ya bati kuwa chumo la maisha yake, jamaa zake aghalabu humpima kwa mambo mawili: kwanza kama mkono wake una nguvu na subira, na pili kama anao mtaji wa kununua mkasi, nyundo, koleo na kipande cha reli cha kutumia kama fuawe. Vipimo hivyo havina dosari, walakini vyote viwili huja baada ya jambo jingine ambalo hakuna anayelipima, nalo ni uwezo wa kuliona umbo la mviringo, la pembe au la mteremko lingali limelala bapa juu ya karatasi ya bati, na kulihesabia kila upana na kila mkunjo kabla mkasi haujaingia. Nguvu hupatikana kwa mazoezi, na zana hununuliwa moja moja kadiri fedha inavyoingia. Lakini mtu aliyekosa jicho hilo na hesabu hiyo, hata akikabidhiwa karakana nzima yenye mashine za umeme, atabaki kuwa mkataji wa michoro ya watu wengine. Kwa sababu hiyo, katika kuchambua ujuzi unaotakiwa kwa fundi bati nitaupa upande huo nafasi kubwa, na pande zilizosalia nitazipitia kwa kadiri ya uzito wake.

Chiwanda ni mahali pafaapo kuchunguzia suala hili, maana huku kosa la mkasi lina gharama iliyo dhahiri. Kata hii ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010, iko kusini ya Mbamba Bay kuelekea mpaka wa Msumbiji, na bati linalofika hapa limekwisha kufanya safari ndefu. Kutoka viwanda vya Dar es Salaam, kama ALAF iliyoanzishwa mwaka 1960, hadi Songea ni karibu kilometa 1,000 za barabara. Kutoka Songea mzigo hupanda milima ya Umatengo hadi Mbinga. Na kutoka Mbinga huteremka ziwani kwa barabara ya takriban kilometa 66 ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, kabla ya kutiwa lami. Kila kituo kina nauli yake, wapakuzi wake na faida ya mwuzaji wake, na yote hayo hukaa ndani ya bei ya karatasi moja. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, akiharibu karatasi huvuka barabara akanunua nyingine. Fundi wa Chiwanda akiiharibu huenda akangoja gari la wiki ijayo, na mteja wake akangoja pamoja naye, na mawingu yamekwisha kutanda juu ya ziwa.

Kazi yenyewe si ngeni katika Afrika ya Mashariki, ijapokuwa madini yake ni mageni. Katika miji ya pwani, mafundi wa shaba walikuwa wakifua midila ya kahawa, sinia na sufuria, na kuzitilia bati ndani ili sumu ya shaba isiingie katika chakula, zamani kabla karatasi za kuezekea hazijafika. Bati la migongo ni zao la Uingereza: mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mjini London mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na mambo hayo mawili yalipokutana, dunia ikapata paa jepesi lisilooza wala kuliwa na mchwa. Hata hivyo mwalimu mkuu wa mafundi wetu hakuwa bati la duka, ila debe la mafuta ya taa. Debe lilipomaliza kazi yake ya kwanza liligeuka kipimo cha mahindi, ndoo ya kisimani na ukuta wa kibanda. Na likikatwa, likawa koroboi, faneli, kata ya kuchotea maji na mkwanguo wa muhogo. Mtaalamu Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mafundi wa Kiafrika, alionyesha jinsi maarifa ya karakana za Wahindi wa Nairobi yalivyopita mikononi mwa vibarua wao, kisha yakatoka nje kwenda kukaa juani, katika uwanja ambao leo kila Mkenya anaujua kwa jina la jua kali. Hakuna aliyeandikiwa cheti katika safari hiyo ya maarifa. Kijana aliangalia, akaiga, akakosea, akakaripiwa, na hatimaye akafungua kibanda chake.

Ziwa hili nalo lina ushahidi wake, na ni ushahidi wa namna nyingine. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa na meli ya Kiingereza Gwendolen mwezi Agosti 1914 ilipokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo pale Sphinxhafen, ambapo leo ni Liuli, ilikuwa imeletwa ziwani vipande vipande katika miaka ya 1890 na kuunganishwa huku huku. Mtu akitafakari jambo hilo kwa jicho la fundi, vita havimshangazi sana; kinachomshangaza ni kwamba vipande vya chuma vilivyotayarishwa Ujerumani vilivuka bahari, vikapanda mto, vikabebwa na wapagazi, na vilipofika mwisho wa safari vikaingiana. Waliovipima hawakuwapo kurekebisha kosa. Vipimo vyao vilitosha kusema kwa niaba yao.

Fundi wa Chiwanda wa leo hatengenezi tena vitu vyote alivyotengeneza babu yake. Ndoo ya bati imeshindwa na ndoo ya plastiki, na koroboi, ambayo zamani ilikuwa kazi ya kwanza ya kila mwanagenzi, imeuawa na tochi na taa za nguvu za jua. Hata wavuvi wa usipa, ambao walikuwa wakiwasha karabai usiku wa giza ili kuwavuta samaki, wengi wamehamia taa za betri. Anayesikitikia mabadiliko hayo ana haki ya kusikitika, lakini asidhani kwamba kazi imekwisha. Nyumba za matofali zimeongezeka, nazo zinataka kofia za paa, mabati ya mabondeni pale paa mbili zinapokutana, mifereji ya mvua na mabomba ya kuishushia. Mihogo, ambayo ni chakula kikuu cha watu wa ufukweni, bado inataka mikwanguo. Mitumbwi iliyopasuka bado hubandikwa viraka vya bati, na mashine za boti zinataka faneli na vifuniko. Mahindi yanataka vihenge visivyopenywa na wadudu. Kazi zimekuwa chache kwa jina na ngumu zaidi kwa hesabu, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama.

Tuchukue faneli, kwa kuwa ni ndogo na imekusanya ugumu wote. Mteja anataka mdomo wa juu wenye kipenyo cha sentimita 20, tundu la chini la sentimita 2, na ubavu ambao, kama ungeendelezwa mpaka kwenye ncha, ungekuwa na urefu wa sentimita 25. Mwanagenzi asiyefundishwa hukata pembetatu, akaikunja, na mdomo ukamtoka umepinda kama jani lililokauka. Fundi anajua kwamba ubavu wa pia ukifunuliwa ni kipande cha duara. Basi hutia alama ya kituo kwa msumari, akafungua bikari kwa sentimita 25 akachora tao kubwa, kisha kwa sentimita 2.5 akachora tao dogo kutoka kituo kile kile, kwa kuwa tundu la chini ni sehemu ya kumi ya mdomo wa juu. Kinachobaki ni kujua tao liishie wapi. Mzingo wa mdomo ni kipenyo mara 22 kugawanya kwa 7, yaani karibu sentimita 63. Na duara zima la bikari yake lingekuwa na mzingo wa karibu sentimita 157. Kwa hiyo kinachotakiwa ni sehemu mbili kwa tano za duara, au nyuzi 144. Asiye na kipimapembe hakwami: hukata waya laini wa sentimita 63, akaulaza juu ya tao kubwa, na pale unapokoma akatia alama na kuiunganisha na kituo.

Hapo ndipo wengi hufunga bikari na kushika mkasi, na hapo ndipo hasara huanza, maana bado hawajauhesabia mshono. Mshono wa kukunjana wenye upana wa milimita 6 hula mara tatu ya upana wake, yaani milimita 18, ambazo fundi huzigawa nusu kwa nusu katika kingo mbili zinazokutana. Na kama mdomo utavishwa waya ndani ya pindo ili usimkate mtu wala usibonyee, waya wa milimita 4 hudai milimita 10 za bati kuuzunguka. Mwanagenzi akilalamika, “Fundi, limepungua,” hujibiwa, “Halikupungua, mwanangu, hukulihesabia mshono.” Na baada ya mshono kuna uchumi wa karatasi yenyewe. Vipande vya faneli vikichorwa vyote kwa mwelekeo mmoja huacha kati yao kona kubwa zisizo na matumizi. Vikilazwa mzungu wa nne, kimoja kichwa juu na cha pili kichwa chini, karatasi ile ile ya futi 8 kwa 4 huzaa zaidi. Ukitaka kumjua fundi hodari usiyemfahamu, usitazame kwanza alichokitundika mlangoni. Angalia vipande vilivyotupwa chini ya meza yake.

Faneli ni mlango tu wa elimu hiyo. Bomba la mvua linapopinda kona hukatwa mshazari, na mkato wa mshazari wa bomba ukifunuliwa hutoa wimbi, na ili kulichora wimbi hilo fundi hugawanya duara la bomba katika sehemu 12, akashusha mstari kutoka kila sehemu na kuuhamisha urefu wake kwenye bati bapa. Kofia ya kukusanyia moshi juu ya jiko la hoteli, ambayo chini ni ya pembe nne na juu ni ya mviringo, hairidhiki hata na njia hiyo; hugawanywa pembetatu nyingi ndogo, kila moja ikapimwa urefu wake wa kweli, kisha zikaunganishwa moja kando ya nyingine. Mtu aliyesoma hisabati ya darasa la saba kwa makini anao msingi wa kuyafahamu yote haya, na mtu aliyeikimbia hisabati hiyo atalazimika kuirudia, kama si darasani basi mbele ya karatasi ya bei kubwa. Sioni njia ya tatu.

Baada ya kuona na kuhesabu huja kuyajua madini. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na geji huwachanganya wanunuzi kwa kuwa namba ikipanda unene hushuka: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na 30 kuliko 28, na hata hilo la 28 halifiki nusu milimita. Fundi lazima ajue geji ipi inafaa kwa mfereji na ipi kwa kihenge. Ajue kwamba bati likikunjwa hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo hukunjwa kupita pembe inayotakiwa. Ajue pia kwamba bati gumu likikunjwa kufuata njia lililopitishwa kiwandani hupasuka upesi kuliko likikunjwa kuikingama. Zinki inayolifunika chuma hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike, na ndiyo maana mkwaruzo mdogo hauleti kutu papo hapo. Lakini mabati mapya yakisafirishwa juu ya lori yamerundikwa na maji ya mvua yakakaa kati yake, huota kutu nyeupe hata kabla ya kupanda juu ya paa, na mabati yanayoshuka kutoka Mbinga wakati wa masika yana hatari hiyo kila safari. Kuyapanga yakiwa yamesimama, kuyatenganisha na kuyakausha ni kazi isiyo na malipo ya wazi, walakini huongeza miaka ya paa. Huku ziwani tuna neema moja ambayo watu wa Mtwara na Unguja hawana: maji yetu ni matamu, upepo wake hauna chumvi, na bati lililotunzwa hudumu kuliko lile linalopulizwa na bahari.

Kuezeka, ambako baadhi ya watu hukuona kuwa kazi duni ya kupiga misumari, kuna elimu yake. Msumari wa bati la migongo hupigwa juu ya mgongo, kamwe usipigwe bondeni, kwa kuwa bondeni ndiko maji yanakopita. Karatasi ya juu huilalia ya chini kwa sentimita 15 au zaidi, na paa likiwa tambarare kupita kiasi hata hizo hazitoshi. Katika kulaliana kwa ubavu, ukingo wa juu hutazama mbali na upande ambao mvua hupigia, ili upepo usiyaingize maji chini yake. Jambo hilo la mwisho haliandikwi katika kitabu chochote kwa ajili ya Chiwanda. Wavuvi wa ziwa hili huuita mwera upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu wakati wa kiangazi, na wanajua vilevile dhoruba za masika hutokea pembe gani. Fundi mgeni aliyekuja na vyeti vyake vyote anapaswa kuketi na wavuvi hao kabla ya kupandisha karatasi ya kwanza. Ama mfereji wa mvua, hesabu yake ni nyepesi na faida yake ni kubwa: milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja, hivyo nyumba yenye paa la meta 8 kwa 6 ikipata mvua ya milimita 25 humwaga lita 1,200 za maji safi, ambazo bila mfereji hugeuka tope mlangoni na kuula msingi wa ukuta. Mfereji ukishushwa milimita 5 kwa kila meta, maji huenda. Ukiwekwa sawa kabisa ili upendeze machoni, maji hulala humo, yakazaa mbu.

Kihenge cha bati kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana nadhani humo mna riziki ambayo mafundi wa Ruvuma hawajaichuma ipasavyo. Asili ya mradi huo ni Amerika ya Kati, ambako katika miaka ya 1980 mafundi wa vijijini walifundishwa kutengeneza mapipa ya bati ya kuhifadhia nafaka, na baadaye maarifa hayo yaliletwa Kenya na Malawi, yaani hadi ng'ambo ya ziwa letu. Umbo lake ni jepesi: mwili wa mviringo, kifuniko chenye shingo juu, na mdomo wa kutolea nafaka chini. Nguvu yake yote iko katika kutopitisha hewa, kwa kuwa mahindi makavu yakifungiwa ndani, wadudu hutumia hewa iliyopo kisha hufa kwa kukosa nyingine. Na dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kwetu mnamo mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwafilisi wakulima wengi, hana meno ya kutoboa bati. Lakini tundu moja la sindano katika mshono uliolehemiwa hubatilisha kila kitu, na mkulima hatalijua mpaka afungue mwezi wa tatu akute unga. Hapa ufundi hauna nafasi ya kujificha. Faneli inayovuja hurudishwa siku ile ile na kurekebishwa. Kihenge kinachovuja hurudishwa mavuno yakiwa yamekwisha kuliwa, na jina la fundi likaliwa pamoja nayo. Ndiyo sababu fundi mwenye busara hukijaribu kihenge chake kabla ya kukitoa, kwa kukipaka povu la sabuni juu ya mishono na kukijaza hewa, au kwa kukiweka gizani na kumulika taa ndani yake.

Kulehemu kwenyewe hujifunzwa kwa mkono zaidi kuliko kwa maneno. Mahali pa kulehemu husafishwa, hupakwa dawa ya kuondoa uchafu, kisha chuma cha kulehemia, kikiwa na joto la kutosha, huwekwa juu ya bati lenyewe mpaka lehemu iyeyuke na kuvutwa ndani ya mshono. Anayeidondoshea lehemu juu ya bati baridi amebandika, hajaunganisha. Lehemu ya kale ni mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ni sumu ya polepole, hasa kwa watoto, kwa hiyo chombo cha maji ya kunywa au cha chakula kisilehemiwe kwayo. Bati lenye zinki likichomwa kwa mashine ya kuchomelea hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa jioni ile ile, na wengi huidhania malaria. Pipa lililokuwa na petroli, hata likiwa limekauka miezi mingi, lisikatwe wala kuchomwa kabla ya kuoshwa na kujazwa maji, maana mvuke uliobaki ndani huripuka. Mambo haya husomeshwa kwa haraka katika karakana zetu kama kwamba ni adabu za ziada, na mimi nayahesabu kuwa sehemu ya ufundi sawasawa na bikari.

Juu ya mashine sina mengi. Mashine ya kukatia, ya kukunjia, ya kuviringisha, na siku hizi ile inayokata kwa kuongozwa na kompyuta, zote huongeza kasi na unyofu wa kazi, na kijana akizikuta azitumie. Lakini kila mojawapo hutekeleza kwa utii mchoro iliopewa, na mchoro wenye makosa ukitiwa ndani yake hutoa makosa mia kwa saa moja.

Biashara ina ujuzi wake pia, na wengi wenye mikono mizuri wameangushwa na huo. Fedha ya Mbinga hufuata kahawa, ambayo huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na paa za Umatengo huezekwa malipo yanapoingia. Fedha ya ufukweni hufuata usipa, ambao hupungua usiku wa mbalamwezi. Fundi asiyezijua nyakati hizo hununua bati wakati hakuna mteja, akaishiwa mtaji wakati wateja wanapopanga foleni. Kadhalika kuna suala la insafu. Mteja wa kijijini hawezi kutofautisha geji 30 na geji 32 kwa macho, na karatasi huenda ikawa nyembamba kuliko chapa yake inavyodai. Fundi mwenye maikromita ndogo mfukoni, akaipima karatasi mbele ya mnunuzi na kumwambia ukweli wake, amefanya tangazo linalozidi ubao wowote. Aandike pia hesabu ya kila kazi kabla ya kuianza: bati kiasi gani, lehemu kiasi gani, siku ngapi, na kipande kipi kitabaki na ni mali ya nani, kwa sababu ugomvi wa vipande vilivyobaki umevunja ujirani mwingi.

Njia za kuupata ujuzi huu ni mbili, na zimekuwa zikitazamana kwa kudharauliana bila sababu. Ya kwanza ni uanagenzi, ambao humpa kijana mkono, wateja na lugha ya kazi, lakini aghalabu humnyima mchoro, kwa kuwa fundi mwenyewe hufanya kazi kwa violezo alivyorithi na hawezi kueleza kwa nini vimekuwa hivyo. Siku mteja akitaka kipimo kisicho na kiolezo, karakana nzima husimama. Ya pili ni chuo. Wamisionari wa Kibenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga karakana pamoja na kanisa, na mikoa ya kusini ilipata kutoka huko mafundi wa kila namna. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Na sheria ya mwaka 1994 ndiyo iliyoizaa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo chuo chake kipo Songea. Chuo humpa kijana mchoro na kipimo, lakini humpa karatasi nyingi za mazoezi ambazo hazikununuliwa kwa fedha yake, na kwa hiyo huenda akatoka bila hofu ile ya kuharibu ambayo ndiyo humfanya fundi awe mwangalifu. Kwa bahati njema VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao humpima fundi wa mtaani kwa kazi yake, humwongezea anachokosa na kumpa cheti. Kwa maoni yangu utaratibu huo ndio unaowafaa zaidi watu wa Chiwanda, kwa kuwa hauwataki waache wateja wao miaka miwili, na humaliza dhuluma ya mtu kufanya kazi miaka ishirini na bado kuitwa kibarua katika karatasi za serikali.

Cheti hicho kina maana zaidi kwa anayetaka kuondoka, au kwa anayengoja kazi kubwa ije kwake. Dar es Salaam huwataka mafundi wa njia za hewa katika majengo marefu, wa meza za chuma kisichoshika kutu katika majiko ya mahoteli, na mafundi bodi wa kunyoosha magari; hao wote ni ndugu wa fundi bati, ingawa kila mmoja hujua sehemu moja tu ya kazi na huijua kwa kina. Ziwani kwenyewe, meli ya MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021 na kutia nanga Mbamba Bay, ilijengwa Kyela na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine, na bandari mpya inayojengwa Mbamba Bay italeta maghala, ofisi na vyombo vitakavyotaka matengenezo. Makandarasi wa kazi hizo huomba vyeti mlangoni na huomba usomaji wa michoro ndani. Fundi wa kijijini ambaye hujua kidogo cha kila kitu, kuanzia paa hadi kihenge, hana sababu ya kumwonea wivu mwenzake wa mjini, na huenda akawa na maisha ya amani kuliko yeye. Ila akikosa kusoma mchoro, milango ya kazi hizo itafungwa mbele yake katika wilaya yake mwenyewe, na watakaofunguliwa watatoka Mbeya na Dar es Salaam.

Kwa hiyo ningependa utaratibu wa kufundisha ugeuzwe. Desturi yetu ni kumpa mwanagenzi nyundo siku ya kwanza na bikari mwaka wa tatu, kama akiipata. Apewe bikari, rula na boksi tupu la sabuni kutoka dukani. Achore faneli, kona ya bomba na kofia ya jiko juu ya boksi hilo, akate kwa wembe, akunje, agundishe kwa uji wa muhogo, apime tena, na aharibu atakavyo, kwa kuwa boksi ni la bure. Siku atakapoweza kutengeneza faneli ya boksi ambayo mdomo wake ukipinduliwa juu ya meza hukaa bila kuacha nafasi ya kupita ukucha, apewe mkasi wa bati. Kazi hiyo haihitaji umeme, karakana wala bajeti, na mwalimu wa hisabati wa darasa la sita hapa Chiwanda anaweza kuianza katika muhula ujao, kwa kuwa mada ya duara imo tayari katika vitabu vyake.